Asiyesali Naye Hubeba Machela

Mwaka 2011 wilaya ya Kasese, Uganda, ilipata shule ya msingi ambayo si ya kanisa wala ya msikiti. Mwanzilishi wake ni Bwambale Robert Musubaho, mmoja wa wale wanaojiita wahumanisti, watu wanaotaka maadili yasimame juu ya utu na sayansi bila kuegemea dini. Wazazi wa wanafunzi wake wengi ni Wakristo na Waislamu, waliowapeleka watoto wao pale wakitafuta kile ambacho wazazi wote hukitafuta: masomo, karo inayolipika, mwalimu anayefika darasani. Hata hivyo uvumi haukukawia. Ilisemwa kwamba pale wanaabudu shetani. Tuutazame uvumi huo kwa akili iliyotulia. Anayemwabudu shetani amekwisha kukubali kwamba shetani yupo, na aliyemfundisha hivyo ni kitabu cha dini. Asiyeamini Mungu hana shetani wa kumpigia magoti. Ukimtuhumu kwa kosa hilo, unamvisha nguo iliyoshonwa nyumbani kwako kisha unamlaumu kwa kuivaa.

Hofu yenyewe ninaielewa. Kutoka Bugoye hadi Bwera, wilayani humu, hakuna shughuli inayoanza bila sala: mkutano wa baraza la kijiji (LC), kikundi cha kuweka akiba, harusi, matanga. Asiyefumba macho huonekana mara moja, na asiyejulikana atazikwa na nani huwatia watu mashaka. Katika sensa ya 2014 Waganda waliosema hawana dini hawakufika hata mmoja katika kila mia. Ni wachache, tena waliotawanyika, na wengi wao hunyamaza wasije wakawavunja moyo mama zao. Kwa hiyo muumini wa kawaida hajawahi kula sahani moja na mtu aliyemwambia wazi, mimi siamini. Anachokijua juu yake amekisikia mimbarani au sokoni.

Pingamizi lenye uzito ni hili: mtu asiyemwogopa Mungu atazuiwa na nini asiibe, asiue? Wanaouliza hivyo wengi wao wamewaona wanaume wakiacha pombe na ngumi walipookoka, na siwezi kuwaambia kwamba hawakuona walichokiona. Imani huwanyoosha watu wengi. Lakini dai la kwamba asiye nayo lazima apotoke ni dai jingine, na historia yetu wenyewe inalikataa. Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa la kikundi kilichojitangaza kuwa kinarudisha Amri Kumi za Mungu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF, wanaojipamba kwa jina la jihadi, waliingia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe wakawaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, baadhi wakichomwa moto ndani ya bweni. Wauaji hao hawakukosa Mungu midomoni. Wala sisemi wasioamini wana mikono safi zaidi. Mwaka 1967 serikali ya Albania ilipiga marufuku dini zote, ikafunga makanisa na misikiti na kuwafunga mapadre na masheikh. Ukatili umepita katika milango yote miwili. Ninachowaombea wasioamini ni haki ambayo tayari tunawapa wengine. Ni dhuluma kumbebesha kila Mkatoliki lawama ya Kanungu, ingawa baadhi ya viongozi wa kikundi kile walilelewa katika Kanisa Katoliki. Na ni dhuluma hiyo hiyo kumtazama kwa jicho baya Mwislamu wa Bwera kwa sababu ya ADF. Kipimo hicho hakiwezi kubadilika anapofika mtu asiye na dini.

Na ukitazama maisha ya kila siku, watu wa milimani wana njia yao ya zamani ya kujua nani ni wa kutegemewa. Kwenye vijiji vilivyo juu ya barabara, mgonjwa hubebwa kwa machela hadi chini, hadi kituo cha afya cha Bugoye au mahali gari linapoweza kufika. Njia ni mteremko, na mvua ikinyesha inateleza. Wa mbele huinua mikono ili mgonjwa asiserereke, na wanapokezana mabega kabla mmoja hajaishiwa nguvu. Hapo hukumbukwa aliyekuja na asiyekuja. Aliyekwepa hatakombolewa na wingi wa Jumapili zake, na aliyekuja usiku wa manane amekwisha kulijibu swali la nini kinamzuia kuwatenda watu ubaya.

Wapo pia wanaosema kutoamini ni kitu cha wazungu, kimeletwa na pesa za wafadhili. Ni kweli shule ile ya Musubaho imesaidiwa sana na wafadhili wa ng'ambo. Lakini wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877 na mapadre wa Kikatoliki mwaka 1879, nao hawakuja mikono mitupu. Hadi leo makanisa na misikiti mingi hujengwa kwa michango ya ng'ambo. Kama asili ya pesa inaharibu wazo, sote tumeharibika. Tena Wakonzo wa milima hii hawajasahau kwamba wazee wao waliomheshimu mungu wao Kithasamba, mwenye makao yake katika theluji ya Rwenzori, walipachikwa jina la wapagani na waumini wa dini zilizokuja. Wajukuu wa watu waliotukanwa hivyo wanapaswa kuwa wa mwisho kumtungia jirani jina la namna hiyo.

Katiba ya 1995 ilikwisha kuliona jambo hili. Ibara ya 7 inakataza nchi kuwa na dini ya taifa, ibara ya 29 inalinda uhuru wa dhamiri, na maneno ya kiapo cha viongozi yanamruhusu mtu kuapa kwa jina la Mwenyezi Mungu au kuthibitisha tu kwa dhati. Wajumbe walioiandika wengi wao walikuwa waumini, na hawakuona kwamba nafasi hiyo inampunguzia Mungu chochote.

Wasioamini nao wana deni. Kumcheka mjane anayesali rozari usiku ambao mwanawe amelazwa ni ukatili, hata ukiuita hoja. Na mwenye shule asiye na dini anapaswa kumwambia mzazi waziwazi, kabla ya kupokea karo, mtoto atafundishwa nini kuhusu Mungu. Mzazi aliyegundua baadaye ana haki ya kukasirika. Ila tukiwadai hilo, tuwadai na wenye shule za makanisa ambao hupokea karo ya Mwislamu kisha humlazimisha mtoto wake kuingia ibadani kila asubuhi.

Jambo moja linaweza kurekebishwa bila kumgusa mtu imani yake. Katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, karatasi ya Maarifa ya Jamii imekuwa na sehemu ambapo mtoto huchagua kujibu swali la Ukristo au la Uislamu, moja tu. Mtoto wa nyumba isiyo na dini, au wa nyumba inayofuata ibada za mababu, huchagua dini asiyoifuata ili asipoteze alama. Baraza la mitihani linaweza kuongeza swali la tatu, la maadili: ukweli, ahadi, kumtunza mgonjwa, mali ya jirani. Maaskofu na masheikh wanaweza kukaa meza moja na wahumanisti kuyatunga maswali hayo, na sioni ni swali gani kati ya hayo wangegombania.