Mguu wa Nyuma wa Mbuzi

Anayejifunza kuchora wanyama mara nyingi hukwama kwenye mguu wa nyuma. Anaona kiungo kimepinda kuelekea nyuma, anadhani ni goti. Kumbe ni kisigino! Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, na linapinda kama lako. Mbuzi hutembea kwa ncha za vidole. Ukishalijua hilo, ng'ombe, mbwa na hata twiga wanaanza kusimama sawasawa kwenye karatasi yako.

Hata mabingwa walikosea. Mwaka 1821 Théodore Géricault wa Ufaransa alichora farasi wa mashindano ya Epsom wakiwa hewani, miguu ya mbele imenyooshwa mbele, ya nyuma imenyooshwa nyuma. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera kando ya njia akapiga picha mfululizo: farasi anapokuwa hewani, miguu yake imekunjwa chini ya tumbo.

Kwa hiyo michoro yako ya mwaka jana usiichane. Iandike tarehe, uihifadhi. Hakuna mwalimu atakayekuonyesha ulikotoka vizuri zaidi.

Na ukitaka kuchora watu, kama wahusika wa hadithi zako? Watafute kituoni, watu wakisubiri daladala. Chora haraka, uso uache kwanza. Mtu akiweka uzito wote kwenye mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huohuo hushuka. Anzia hapo.