Mirihi Haina Dhambi

Nafundisha fizikia hapa Likasi, na Jumapili mimi ni katekista. Kwa hiyo swali la wanafunzi wangu silikwepi upande wowote: ikiwa Mungu haumbi kitu bure, Mirihi ni ya nini?

Tuanze na jiwe lenyewe. Upana wa Mirihi ni kama kilomita 6,790, nusu ya dunia yetu hivi, lakini uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Wekundu wake ni kutu ya chuma, ndugu wa udongo unaotupaka miguu njiani kwenda Mwadingusha. Na maji ilikuwa nayo. Chombo Perseverance kilitua tarehe 18 Februari 2021 katika shimo kubwa la Jezero, palipokuwa na ziwa zamani. Mto uliingia pale ukaacha tope lake, kama mto wetu Lufira unavyoacha tope katika ziwa Tshangalele.

Maji yalikwenda wapi? Mirihi, kwa udogo wake, ilipoa mapema. Chuma kilichoyeyuka tumboni mwake kikapunguza mwendo, ngao yake ya sumaku ikazimika. Upepo wa jua ukaichuna hewa, na mvuto wake, asilimia 38 tu ya mvuto wa dunia, haukutosha kuizuia. Hewa iliyobaki haifiki hata asilimia moja ya kanieneo ya hewa yetu. Maji mengine yalipotelea angani, mengine yamefungwa katika barafu na miamba.

Katika msiba huo hakuna mkosaji. Ndiyo maana siwakubali wanaosema kwamba Mirihi imelaaniwa, wala wanaosema ilimshinda Muumba. Laana humpata anayeweza kutii akakataa. Jiwe hufuata sheria lililopewa mpaka mwisho, na kwa utii huo linatuzidi sisi.

Sasa tazama Tshangalele. Ziwa hili limetokana na bwawa la Mwadingusha, lililozuia Lufira mwaka 1930 ili viwanda vya shaba vipate umeme. Yaani mtu ameweza jambo lililoishinda Mirihi: kuyashika maji yasiende. Lakini mto Panda unapita Likasi, unabeba taka za migodi na viwanda, na kuzipeleka huko huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima bonde la Lufira wakakuta shaba, kobalti na madini mengine katika maji, mimea na samaki. Mama anampasua kambale, anatoa matumbo, anampanga juu ya moshi. Samaki ananukia vizuri, na jioni watoto watamla na bukari. Madini yaliyomo mwilini mwake hayaonekani wala hayanuki.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kinampa mtu kazi mbili bustanini: kulima na kutunza. Mirihi haikupewa kazi hiyo, sisi tumepewa. Basi jibu langu kwa wanafunzi ni hili: Mirihi inatufundisha kwamba jiwe halidai maji kama haki yake, na kwamba ziwa lililo hai ni amana.

Wenye migodi na viwanda, safisheni maji kabla hayajaingia Panda. Viongozi wetu, pimeni ziwa kila mwaka, mtangaze matokeo sokoni na makanisani, kwa Kiswahili. Nasi waumini tuyadai matokeo hayo bila kuchoka, kwa kuwa siku ya hukumu Mirihi haitaulizwa kitu, sisi tutaulizwa.