Kuandamana na Kuridhika

Katika lugha yetu, kuandamana ni kufuatana. Neno lenyewe halisemi kwa nini mtu anafuata: huenda ameridhika, huenda anaogopa kubaki nyuma. Yafaa sisi walimu tuzingatie tofauti hiyo tunapouliza jinsi harakati za kudai haki zinavyogeuza maoni ya umma.

Tutazame mtaa wa Kisenyi, Kampala. Mwaka 1959 mtaa huo ulikuwa katika Kibuga, mji mkuu wa Kabaka. Mwaka huo chama cha Uganda National Movement, chini ya Augustine Kamya, kiliwataka watu wa Buganda wasusie maduka ya wasio Waafrika. Dai hilo lilikuwa na msingi, kwani biashara kubwa haikuwa mikononi mwa wenyeji. Maduka yakakosa wateja. Lakini baadhi ya waliokaidi walichomewa nyumba au kufyekewa migomba. Je, aliyelipita duka bila kuingia alikuwa ameikubali hoja, au aliilinda migomba yake? Hata viongozi wake hawakuwa na njia ya kujua.

Mwezi wa Aprili 2011, bei za petroli na vyakula zilipopanda, kundi la Activists for Change liliwaita watu waende kazini kwa miguu. Katika mitaa kama Kisenyi, wengi walikuwa wakitembea siku zote kwa kukosa nauli. Sasa dhiki ya kila mmoja ikawa usemi wa wote. Serikali iliyaita hayo maandamano yasiyo halali. Watembeaji wakajibu kwamba wanakwenda kazini tu. Tarehe 28 Aprili Daktari Kizza Besigye alinyunyiziwa dawa ya pilipili machoni na kukamatwa. Kesho yake ghasia zilizuka mjini, na watu wakapoteza maisha.

Chama cha Kamya kilipigwa marufuku mwaka ule ule wa 1959, na kundi la pili mwezi wa Aprili 2012. Hatusemi basi kwamba kutembea kulishinda. Twasema kwamba mwenye kutembea huubeba mzigo wake mwenyewe, na jirani yake hubaki huru kukataa. Kwa hiyo jirani huyo akikubali, kukubali kwake kuna uzito. Hofu humfunga mtu mdomo, lakini moyo haiugeuzi. Na wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wanafunzi wetu wanapoandika kwamba "umma uliunga mkono", na tuwaulize: aliyefuata, je, aliweza kukataa?