Kama Simba Angekuwa na Hatia Kweli

Filamu ya katuni ya The Lion King ilitoka Marekani mwaka 1994, na ilipotengenezwa upya mwaka 2019 ikapata kizazi kingine cha watoto. Sisi tunaosema Kiswahili tuna ukaribu nayo wa pekee: shujaa wake anaitwa Simba, nyani mzee anaitwa Rafiki, na mojawapo ya nyimbo zake maarufu ni Hakuna Matata.

Wazazi Wakristo tunapoulizana kama inawafaa watoto wetu, mara nyingi tunaishia kwenye mambo mawili: yule nyani anayefanana na mganga, na mfalme Mufasa anayemtokea mwanawe mawinguni baada ya kufa. Ni maswali ya haki, na mzazi anaweza kumweleza mtoto kwa maneno machache kwamba sisi hatutafuti uongozi kwa wafu. Lakini swali kubwa la filamu hii ni jingine: mtu aifanyeje hatia yake?

Scar anamwangusha ndugu yake Mufasa katikati ya nyumbu wanaokimbia, kisha anamwaminisha Simba mdogo kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha baba yake. Simba anatoroka. Huko mbali, Timon na Pumbaa wanamfundisha kuyapa kisogo yaliyopita. Anakula, anaimba, anakua mwili. Nyumbani, Scar anatawala na nchi inakauka. Nala anapomletea habari za njaa, mwanzoni anakataa kurudi. Hatia inayokimbiwa haimwumizi mwenyewe tu. Hata wanaomtegemea huilipa.

Jambo la kusifiwa ni kwamba hatimaye Simba anarudi kabla ya kuujua ukweli. Anaamini bado kuwa ana hatia, na anapoulizwa mbele ya wote, mama yake akiwapo, anakiri. Hapo ndipo utoto wake unapokwisha, wala si siku alipoota manyoya ya shingoni.

Muda mfupi baadaye Scar anamnong'oneza kwamba muuaji ni yeye. Mzigo unaanguka, watoto wanashangilia, nasi pia. Lakini hapo filamu inalikwepa swali lake yenyewe. Wengi wetu hatutasikia mnong'ono kama ule. Kijana aliyetapanya ada ya shule, baba aliyeitelekeza familia, ndugu aliyemdhulumu yatima shamba: hao wakiyachunguza yaliyopita watakuta kwamba ni wao hasa waliotenda. Kama njia ya kurudi ni ya wasio na kosa tu, wao watarudi wapi?

Mwana mpotevu wa Luka 15 hakugundua njiani kwamba mali ilitapanywa na mtu mwingine. Alirudi na kosa lake lote, na baba yake akamkimbilia. Petro naye hakuambiwa kwamba hakumkana Bwana. Kule ufuoni, katika Yohana 21, aliulizwa mara tatu kama anampenda, kisha akakabidhiwa kondoo awalishe. Injili haituondolei hatia kwa kuthibitisha kwamba haikuwapo. Inakiri kwamba ipo, na inatusamehe.

Basi, tuwakataze watoto filamu hii? Hatuoni hivyo. Tuketi nao tuitazame, kisha tuwaulize: kama Simba angekuwa ametenda kweli, je, ingempasa kurudi? Mama yake angempokea? Tusiwe wepesi kuwajibia. Mtoto akisema kwamba angebaki huko huko porini, ametuambia jambo kuhusu nyumba yetu, na inafaa tulisikie bila kumkemea. Huenda ameona jinsi tunavyomzungumzia binti wa jirani aliyepata mimba, au mjomba aliyetoka gerezani. Siku atakapokosa kweli, hataikumbuka filamu. Atakumbuka tulivyowapokea waliokosa kabla yake.