Deni la Mpita Njia

Safari ni shule, na kila chombo cha safari ni mwalimu mwenye tabia yake. Miguu humfundisha msafiri kuvumilia. Gari humfundisha kufika. Baiskeli imesimama kati ya viwili hivi. Ina wepesi wa kumtoa mtu mji mmoja hadi mwingine kwa siku moja, lakini haina kioo wala mlango wa kumtenga na watu walio njiani. Mwendeshaji husikia jogoo akiwika, hunusa moshi wa jiko la nyumba asiyoijua, na uso wake huonekana wazi kwa kila anayempita. Kwa sababu hiyo baiskeli humkabili mtu kwa swali ambalo abiria wa gari aweza kulikimbia: Je, mpita njia ana deni lolote kwa watu anaowapita?

Swali hili halikunijia kitabuni. Lilinijia barabarani, katika nchi ya ziwa, nami nitalieleza kama lilivyonipata.

Miaka kadhaa iliyopita, mimi na mwenzangu tulifunga safari ya baiskeli kutoka Kisumu hadi Homa Bay, mwendo wa kilomita mia moja na zaidi. Njia hiyo huanza katika uwanda wa Kano, ambao ni tambarare kama mkeka uliotandikwa. Huko Ahero yako mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa maji ya Mto Nyando. Baada ya Ahero barabara huelekea kusini mpaka Katito, kisha huvuka Mto Sondu Miriu na kushika upande wa magharibi. Hapo ndipo Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria ulioingia Kenya, hujitokeza kuliani mwa msafiri. Mara maji huonekana kati ya miti, mara hupotea nyuma ya mashamba ya mtama na mahindi. Vijiji vya huko ni vitulivu. Mbuzi hulala kivulini, omena huanikwa juani juu ya nyavu kuukuu, na sauti ya mtu anayemwita mwenziwe ng'ambo ya shamba husikika kutoka mbali. Mbele husimama Mlima Homa, ambao msafiri huuona muda mrefu kabla ya kuukaribia, akajifunza kuwa kuona si kufika.

Nchi hiyo ni nzuri, lakini sisi hatukwenda kuitazama. Tulikuwa vijana, na tuliwekeana ahadi ya kuingia Homa Bay kabla ya saa sita mchana, hali tulitoka Kisumu saa kumi na mbili asubuhi. Tulihesabu kila kilima na kila dakika. Watoto walitupungia mikono, nasi tuliinamisha vichwa juu ya usukani. Tulipokwisha kuipita Kendu Bay, nilimwona bikizee amesimama ukingoni mwa barabara, na kikapu miguuni pake. Aliinua mkono akaniita kwa Kijaluo, "Nyathina!" yaani, "Mwanangu!" Neno hilo nilikuwa nalijua. Nilimsikia, nikamwona, nikapita. Nilijiambia kuwa mwenzangu aliye nyuma atasimama. Baadaye mwenzangu aliniambia kuwa yeye naye, alipoona sikusimama, alidhani hapakuwa na haja.

Tuliingia Homa Bay saa tano na dakika arobaini. Tulipongezana, tukaagiza samaki na ugali. Katikati ya chakula neno la yule bibi lilinirudia, na samaki akawa hana ladha kinywani mwangu. Kesho yake, katika kurudi, nilishuka mahali pale nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema: "Mwanangu, wazee wengi husimama hapo. Huenda alitaka maji. Huenda alitaka kukutuma kwa mtu. Huenda alitaka kukusalimu tu. Ungalisimama ungalijua, maana wewe ndiwe uliyeitwa." Mpaka leo sijui bibi yule alitaka nini.

Wako watakaosema kuwa najilaumu bure, na hoja zao si za kudharauliwa. Watasema kwanza kuwa msafiri hawezi kusimama kwa kila mkono unaoinuliwa, la sivyo hatafika aendako. Hiyo ni kweli. Watasema pili kuwa njiani wako watu wabaya, na hadhari ni silaha ya msafiri. Hiyo pia ni kweli. Watasema tatu kuwa kushindana na saa ni jambo jema, kwa kuwa humfunza kijana nidhamu, ustahimilivu na kuushinda uchovu wa mwili wake. Mimi mwenyewe nimeonja faida hiyo, wala sitaikana.

Hata hivyo hoja hizi tatu hazinitoshi. Mimi sikuogopa, bikizee na kikapu hawamtishi kijana. Wala sikuwa na mgonjwa wa kumwahi, au mtihani wa kuuwahi. Nilikuwa na haraka niliyoitunga mwenyewe, na ile haraka ikapewa enzi juu ya mtu aliyeniita mwana. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu asiyeweza kusimama na mtu aliyekwisha kuamua, kabla hajatoka kwao, kuwa hakuna atakayekutana naye njiani mwenye thamani ya dakika zake tano. Wa kwanza ana udhuru. Wa pili amewageuza binadamu kuwa miti ya kandokando ya barabara.

Siku hiyo ya kurudi tulikwenda pia kulitazama ziwa dogo la Simbi Nyaima, lililo karibu na mji wa Kendu Bay. Ni ziwa la magadi lililokaa katika shimo la volkeno, na pengine heroe hukusanyika humo wakaifanya kingo yake kuwa ya rangi ya waridi. Wataalamu wa miamba wana maelezo yao juu ya asili yake, lakini wenyeji wana simulizi yao. Husema kuwa palikuwa na kijiji hapo. Usiku mmoja watu wakiwa katika karamu, alikuja ajuza mgeni, amechoka na ana njaa. Wenye karamu walimfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea na kumhifadhi. Ajuza akamwambia mwanamke yule aondoke na watu wake. Kisha mvua kubwa ikanyesha, na kijiji kikazama na kila kilichokuwamo.

Simulizi hii husimuliwa ili kuwaonya wenyeji: usimfukuze mgeni, kwa kuwa hujui ni nani. Nilipokuwa nimesimama kingoni mwa yale maji, niliiona kwa upande wa pili. Zamani mgeni ndiye aliyekuja kwa miguu akiomba, na mwenyeji ndiye aliyekuwa na uwezo wa kufunga mlango. Siku hizi mgeni huja juu ya magurudumu, na maji yake, fedha zake na saa yake mkononi. Haombi kitu. Mlango umehamia kwake, naye huufunga kwa mwendo wake. Ajuza yule wa simulizi bado yupo njiani anaita, lakini sasa mwenye kumfukuza ni mpita njia.

Labda utauliza, msomaji: Nimtendee nini mtu nisiyemjua, nami nipo njiani tu? Jibu la kwanza ni kumjua kidogo. Mwendeshaji husema ziwa ni zuri, na ni zuri kweli. Lakini mwaka 2020 maji ya ziwa hilo yalipanda kupita kiasi, yakaingia katika nyumba na mashamba ya watu wengi wa pwani yake, na mafuriko ya Mto Nyando huwasumbua watu wa Kano mara kwa mara. Maji yale yale yaliyo pambo kwa mpita njia yaweza kuwa msiba kwa mwenyeji. Asiyesimama hulitazama pambo akaondoka, akadhani ameiona nchi.

Jibu la pili ni kukumbuka barabara ni ya nani. Kwetu baiskeli haikuwa mchezo tangu awali. Huko Busia, katika miaka ya 1960, watu walianza kubeba abiria na mizigo kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, na kazi hiyo ikazaa jina la bodaboda, ambalo leo pikipiki zimelirithi. Hata sasa, katika vijiji vya ziwani, utamkuta mtu amefunga kapu la samaki au mitungi ya maji nyuma ya baiskeli nzito, anaisukuma kupanda kilima. Yeye hashindani na mtu, anatafuta riziki. Anayeendesha kwa furaha yake na ampishe anayeendesha kwa haja yake, maana furaha yaweza kungoja, bali samaki huoza.

Jibu la tatu ni dogo kuliko yote, nalo ndilo ninaloliona kuwa kubwa: salamu. Salamu haipotezi safari. Mwenye kusema "Oyawore" asubuhi huku akipunguza mwendo hupoteza muda usiofika hata nusu dakika, naye hukiri kwa neno hilo kwamba mbele yake yuko mtu. Anayesalimiwa hupata nafasi ya kusema haja yake akiwa nayo, au ya kujibu tu asipokuwa nayo. Deni la mpita njia ni kwenda kwa mwendo unaomwezesha kuitwa akasikia, na kusikia akajibu. Hakuna anayemdai atatue shida za kila kijiji.

Wewe kijana unayesoma haya utapita njia nyingi. Nyingine zitakuwa za lami, na nyingine zitakuwa za masomo, kazi na cheo. Katika zote utakuwa na saa unayoshindana nayo, na katika zote atakuwapo mtu ukingoni ameinua mkono. Fanya bidii ufike, lakini usiamini kuwa aliye nyuma yako atasimama kwa niaba yako, kwa kuwa naye anakutazama wewe.

Mimi nimeipita tena njia ile mara kadhaa. Bibi yule sikumwona tena, kwa hiyo deni lake siwezi kumlipa yeye. Hulilipa kwa wengine kidogo kidogo, na tangu siku ile sijaingia Homa Bay kabla ya saa nane.