Kwa Vijana Wanaokwenda Fildi

Wanangu wa Rusimbi, hapa Kigoma, nawaandikia ninyi mnaozunguka mjini na barua ya chuo mkononi, mkitafuta pa kufanyia fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Nimemsikia kijana akiwaambia wenzake kwamba fildi ni kumpata mtu mwenye muhuri, basi. Neno hilo limenikosesha raha, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Enzi zetu kulikuwa na majaribio ya ufundi: daraja la tatu, la pili, la kwanza. Chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1974, mwanagenzi alikaa chuoni kwanza kupata misingi, kisha akapelekwa kazini chini ya fundi, akipanda daraja kwa daraja. Aliyefika Grade One aliachiwa mashine bila kusimamiwa. Lakini mpango ule ulitegemea mashirika ya umma. Yalipodhoofika miaka ya themanini, kisha mengi yakabinafsishwa au kufungwa miaka ya tisini, nafasi za wanagenzi zilikwenda nayo. Majaribio yakabaki. Mtu akaweza kupata daraja ilhali hajawahi kushika kazi ya mteja anayedai gari lake jioni ile ile.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ikaja kuleta mfumo wa umahiri, na sasa mnatunukiwa NVA, tuzo ya taifa ya ufundi stadi, ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Wazee wenzangu wanaudharau mfumo huu, wanasema umelegea. Mimi nauona mgumu kuliko wetu. Kwetu alama nzuri za upande mmoja ziliweza kufunika udhaifu wa upande mwingine. Ninyi mnapimwa kwa kazi yenyewe: umeiweza, au bado hujaiweza. Fundi umeme anayechora mchoro safi wa nyumba kisha akasahau ethi, hajaiweza, na mchoro wake hautamwokoa mama atakayeshika friji kwa mkono wenye maji. Ukiambiwa bado, usijifiche. Rudi ukafanye tena.

Sasa hiyo fildi. Wengi mnakimbilia ofisi zenye jina, na sina ubaya nazo. Kampuni yenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 iliwekwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara, na sehemu ya fedha hiyo ndiyo inayosomesha mafundi. Kwa hiyo ingieni mkaombe nafasi bila kuona haya. Ila ukikaa wiki tatu ukitumwa maji na fotokopi, sema kwa adabu kwamba unaomba kazi ya fani yako. Nawe binti uliyesomea kuchomelea, usikubali kukabidhiwa birika la chai huku wavulana wanashika mashine.

Halafu kuna karakana ndogo. Nendeni kwa wachomeleaji wa barabarani, nendeni mwaloni Kibirizi na Katonga kwa mafundi wa boti. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei. Boti isiyovua ndiyo inayopata nafasi ya kutengenezwa, na fundi wake anahitaji mikono. Mtu huyu halipi tozo yoyote, lakini anakulipia kwa rodi unazoziharibu ukijifunza na kwa mteja anayemnunia kwa ajili yako. Mheshimuni. Na kama hana cheti, mpelekeeni habari kwamba VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani. Wengi wao hawajui, na ninyi ndio mnaotoka huko chuoni.

Nina wasiwasi kwa wadogo zenu. Walioingia kidato cha kwanza mwaka 2024 katika mkondo wa amali, yaani wa ufundi, watamaliza mwaka 2027, na wanatarajiwa kuwa na vyeti viwili, cha NECTA, baraza la mitihani, na cha NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Nalifurahia jambo hili sana. Lakini watoto hao nao watahitaji karakana za kuwapokea, na karakana za Kigoma tunazijua, si nyingi. Fundi aliyewahi kupewa mwanafunzi mtoro, aliyekuja siku ya kwanza na siku ya muhuri tu, atamfungia mlango na huyu wa amali ambaye hajakosa lolote.

Kitabu cha fildi kijazeni kila jioni, kabla hamjanawa mikono. Andikeni mlichofanya, kifaa mlichotumia, na mlichoharibu pia, kwa sababu mwalimu akija kukagua atauliza hapo hapo. Na msimamizi akitaka kwa huruma kukusainia wiki ambayo hukufika, mwombe aiache wazi, akuongezee siku uifanye kazi yake.