Bidii Isiyo na Macho

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Halikuwa jipu wala jino bovu. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alitupa jicho dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt: saratani ya seli B, zile askari wa damu zinazotengeneza kingamwili.

Chanzo chake kina funzo, nacho kinaanzia kwenye namna jeni zinavyowashwa ndani ya seli. Jeni haijiwashi yenyewe, wala protini moja haitoshi kuiwasha. Kidole kimoja hakivunji chawa. Protini kadhaa hukusanyika kwenye kipande maalumu cha DNA. Baadhi hushika uzi huo wa DNA, nyingine huukunja hadi kipande hicho kifike karibu na mlango wa jeni, nyingine huita mashine ya kunakili. Katika seli B, kikosi cha namna hiyo kimepiga kambi kwenye kromosomu ya 14, kikiwasha jeni ya kingamwili kwa nguvu.

Mbali na hapo, kwenye kromosomu ya 8, ipo jeni ya MYC, inayoihimiza seli igawanyike. Hiyo huwashwa kwa kiasi, kisha huzimwa.

Sasa, seli B zinapoboresha kingamwili, hukata DNA yake na kuiunga upya. Malaria ya mara kwa mara huzidisha ukataji huo, na virusi vya Epstein-Barr huziacha hai seli zilizostahili kufa. Siku moja kiungo kinakosewa: MYC inapachikwa kwenye kromosomu ya 14, jirani na kile kikosi. Protini zenyewe hazikuharibika. Zinashikana kama jana, zinafanya kazi kama jana, ila leo zinawasha amri ya kugawanyika, na amri hiyo haizimwi. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Ndiyo maana nasema ushirikiano pekee si wema. Ukiwekwa pasipo pake, hubomoa kwa nguvu zile zile ulizotumia kujenga. Protini hazina macho ya kutambua zinawasha nini. Macho tunayo sisi.

Basi, mzazi mwenzangu, ukiona taya la mwanao linavimba, meno yanalegea kabla ya wakati wake, au tumbo linajaa, usimchanje, usimng'oe jino ukakaa kungoja. Saratani hii hukua upesi, lakini pia husikia dawa upesi, na watoto wengi wanaowahishwa hupona. Mpeleke hospitali leo, si kesho.